Mwaka Tuliotoboa Vyungu

Wifi yangu Perpetua tumemzika wiki tatu zilizopita, na wanawe wawili, wazee wenye mvi sasa, wamenikunjia uso mpaka leo. Walitaka mama yao alazwe ubavuni mwa baba yao, yaani kaka yangu, na mtu pekee aliyebaki hai wa kuwaonyesha kaburi la kaka yangu ni mimi. Nikawaambia silijui. Mkubwa akasema, "Shangazi Skola, wewe unakumbuka hata kaniki aliyovaa mama siku ya kwanza ya sokoni wakati wa Mjerumani, halafu kaburi la ndugu yako hulijui?" Nikamjibu kwamba ndiyo, silijui, na kwamba kulipoteza kaburi lile ndilo jambo la akili kuliko yote niliyofanya maishani. Akadhani uzee umeniingia kichwani. Tukamzika Perpetua kwenye makaburi ya kanisa, na tangu siku hiyo wanawe wananisalimia kwa kunung'unika.

Msiba ulikuwa haujaisha nilipopata wageni wengine wawili. Wa kwanza alikuwa kijana wa serikali, shati jeupe, kalamu mbili mfukoni, shikamoo yake ya adabu kabisa. Alikuwa anaandika mahali palipokuwa na vijiji vya zamani, kwa sababu alisema inatengenezwa sheria: kitu chochote cha kale kilichomo ardhini kiwe cha serikali, na asiye na kibali asichimbe. Siku mbili baadaye akaja mnunuzi wa vitu vya kale, mtu wa mjini mwenye maneno matamu, naye akasema serikali haijui kutunza hata viti vyake yenyewe. Waachwe wanunuzi washindane, akasema, maana atakayelipa vizuri ndiye atakayetunza vizuri. Wote wawili niliwapa chai na viazi vitamu, na wote wawili walidhani wananiletea habari mpya. Mimi mambo hayo yote mawili niliyaona, moja baada ya jingine, katika mwaka mmoja, nikiwa mwanamke wa miaka kama ishirini hivi, mwenye mikono mizuri na mdomo usiotulia. Nitayasema kama yalivyokuwa. Anayetaka kununa na anune.

Ulikuwa mwaka wa pili tangu vita vya Maji Maji vizimwe. Sitasimulia vita, wapo wanaovisimulia kwa mapambo kuliko mimi. Nitasema tu kwamba Songea ilikuwa imebaki na wanawake wengi na wanaume wachache, na kwamba baada ya bunduki ilikuja njaa, kwa sababu mashamba na maghala yalichomwa. Kaka yangu hakufa kwa risasi wala kwa kamba. Alirudi kutoka porini amebaki mifupa mitupu, akanywa uji wa ulezi siku tatu, ya nne hakuamka. Tulimzika mimi na Perpetua, wanawake wawili na jembe moja, katika bonde lililo chini ya milima ya Matogoro, ambako majirani nao walikuwa wakizika wa kwao. Kichwani pake tulifudikiza chungu chake cha chakula, tukiwa tumekitoboa kitako kwa ncha ya jembe. Ndivyo tulivyofanya wakati ule: chungu cha marehemu hutobolewa ili aliye hai asikitumie tena, na mwenyewe akipate kule aliko. Hapakuwa na msalaba wala jiwe. Ukitaka kujua nani kalala wapi ulitazama vyungu, na kila mwanamke alikijua cha kwake.

Mwanzoni mwa mwaka huo akafika Athumani, Myao wa Tunduru, mfanyabiashara mwenye kofia safi na sauti ya taratibu, asiyefungua mzigo bila kusema bismillahi. Tulizoea atuletee chumvi na kaniki. Safari hii akasema huko pwani kuna Wazungu wanaotaka vitu vya kale: vigoda, ngao, na hasa vyungu vya watu walioishi hapa kabla ya Wangoni kuja. Kwa chungu kizima cha kale alitoa kibaba cha chumvi. Jamani, sisi tulikuwa tunachuja majivu ya majani ili mboga ipate ladha. Wanawake wakakimbilia kwenye mahame, yale maeneo ya vijiji vilivyoachwa zamani, wakafukua. Mwezi haujaisha akaja mnunuzi wa pili kutoka Lindi, akatoa vibaba viwili. Athumani akaongeza upande wa kaniki. Yule wa Lindi akaongeza shanga. Sisi tukakaa katikati yao tukijifanya hatujali, na nyumba zetu zikaanza tena kunukia mboga iliyotiwa chumvi. Nakumbuka Perpetua alivyokula sahani ya kwanza ya likolo, mboga yetu ya majani ya maboga, yenye chumvi ya kweli: alikula amefumba macho, wala hakunisemesha mpaka alipomaliza.

Mahame yakaisha. Lakini mimi ni mfinyanzi, tena mfinyanzi mzuri, na sioni sababu ya kujishusha. Nilifinyanga chungu kwa mtindo wa bibi zetu, mdomo mpana, shingo fupi. Chini ya mdomo nikakitia alama za kucha tatu, ambazo ni mazoea ya mkono wangu tu. Nikakichoma kwa moto hafifu wa magome ili kisiive sana, nikakipaka ute wa mlenda na majivu, nikakifukia kwenye samadi ya zizi. Nilipokitoa baada ya mwezi na nusu kilikuwa kinanuka na kinabanduka ngozi kama mzee wa miaka mingi. Athumani alikigeuza, akakigonga kwa kidole, akasema, "Mashaallah. Hiki kina miaka mia." Perpetua alizunguka nyuma ya nyumba akacheka mpaka akakaa chini. Baada ya hapo nilifinyanga vingine vingi, na wenzangu wakavifukia kila mtu kwenye zizi lake. Ushindani ule ulitulisha, sitausingizia. Lakini ulitufanya pia tufukue sakafu za nyumba za bibi zetu, na kwa kila chungu kizima tulivunja kumi, vigae tukavitupa pembeni kwa sababu hakuna aliyevinunua. Vyungu vya bondeni tu ndivyo havikuguswa. Mwanamke mmoja aliwahi kumpelekea Athumani chungu chenye tundu, naye akakirudisha bila kukitazama mara mbili. "Hiki hakishiki hata maji, dada," alisema. Basi makaburi yakabaki na amani yake.

Kisha ikatoka amri ya boma. Jumbe aliisoma hadharani: vitu vyote vya kale vilivyomo ardhini ni mali ya serikali, na atakayechimba au kununua bila karatasi atachapwa hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na vitano, ambavyo kila mtu alikuwa ameshaviona vikilia kwenye migongo ya watu. Yule wa Lindi akaondoka siku ileile. Athumani akabaki na chumvi yake na kaniki zake. Karatasi ilikuwa moja tu, na ilikuwa mkononi mwa Mjerumani ambaye sisi tulimwita Bwana Kijiko, kwa sababu alichimba kwa chuma kidogo mfano wa kijiko, akapangusa udongo kwa brashi, na kwa siku nzima hakumaliza shimo ambalo mimi ningelimaliza kabla jua halijawa kali. Alipanga nyumba ya udongo yenye baraza pembeni mwa mji. Alimtafuta mtu anayejua vyungu, mpishi wake akanitaja, nikaenda. Sikulazimishwa. Nilitaka kuona.

Chumba chake ninakiona hata sasa. Meza ndefu ya mbao iliyolazwa juu ya masanduku, vigae vimepangwa kwa safu, kila kimoja kimeandikwa namba ndogo kwa wino mweusi, na harufu ya wino na mafuta ya taa imetanda mpaka kwenye mkeka niliokalia. Kazi yangu ilikuwa kuunganisha vigae, kutafuta mdomo wa hiki na shingo ya kile, na kumweleza udongo umetoka mto gani na umechomwa kwa kuni gani. Alikisema Kiswahili cha pwani, pole pole, na alikuwa mtu wa kwanza maishani mwangu kuniuliza chungu kinafinyangwaje kisha akaandika jibu langu. Niliipenda kazi ile mno, na sioni haya kusema. Mchana yeye alisukuma vigae kando akala kuku wa kuchemsha na viazi palepale mezani. Mimi nilikula barazani na mpishi, ugali wa ulezi na dagaa wa Nyasa, na mara nyingi tonge likiwa mkononi nilisikia, "Skola, njoo utazame." Siku moja alinionyesha chungu alichokitoa kwenye zizi moja la zamani, amekishika kwa mikono miwili kana kwamba ni mtoto mchanga. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba alama zile tatu chini ya mdomo ni za kabila lililopotea. Nikazikunja kucha zangu ndani ya kiganja. Siku ile nilirudi nyumbani nikiwa nimevimba kichwa: chungu changu kilikuwa kimekuwa kabila zima.

Wakati huohuo Athumani alikuja barazani kuomba naye apewe karatasi. Nilikuwa ndani na vigae vyangu na mlango ulikuwa wazi, nikasikia yote. "Bwana, mimi nikitaka kununua, lazima awepo mtu wa kuniuzia," alisema. "Akikataa, naondoka na chumvi yangu." Bwana Kijiko akamjibu, "Na ukiondoka unaacha mashimo. Wanawake wamevunja vitu kumi ili wakuuzie kimoja. Mimi naandika kila kipande kimetoka wapi. Bila amri hakuna kitakachobaki." Athumani akauliza, "Kitabaki wapi, Bwana?" Akajibiwa kwamba kitabaki Ulaya, katika nyumba kubwa, salama. Athumani akauliza tena. "Na mwenyewe akitaka kukitazama?" Bwana Kijiko akacheka, wala hakucheka kwa ubaya, akamwita mpishi alete kahawa. Nitasema ukweli: siku ile nilikuwa upande wa Bwana Kijiko. Nilikuwa nimeviona vigae tulivyovitupa, na nilimwona mtu anayeviokota.

Haikupita wiki, mpagazi wake akaleta chungu alichokiokota bondeni alipokwenda kukata kuni. Chungu chenye tundu. Bwana Kijiko alikizungusha asubuhi nzima. Kwanza akasema ni cha kuchujia pombe. Baadaye akasema labda ni cha kupandia miche. Mwishowe akaanza kuandika kwamba kimetobolewa na mzizi wa mti. Nilivumilia ya kwanza na ya pili. Ya tatu ilinishinda, maana mimi tangu utoto siwezi kumwacha mtu akose jambo ninalolijua. "Siyo, Bwana," nikamwambia. "Hicho ni cha marehemu. Hukifunika kichwani pake." Akaweka kalamu chini. "Kichwa kipo chini yake hasa?" Nikamwambia, "Chini yake kabisa, kina cha mkono mmoja." Tena nikampimia kwa mkono wangu mwenyewe, mpaka kwenye kiwiko. Akaandika kwa muda mrefu. Kisha akasema kwa upole kwamba wakubwa wake wa Ulaya walikuwa wamemwomba vichwa vya watu wa huku, wavipime, na yeye hakujua pa kuvipata. Masanduku na wapagazi wangefika baada ya siku kumi, akasema, na hapo angeanza bondeni. Karatasi alikuwa nayo. Akanishukuru, akanipa mfuko mzima wa chumvi, na mimi nikaupokea, nikaubeba mpaka nyumbani.

Perpetua alikuwa anasaga ulezi. Nilimwambia yote, sikuficha hata ile ya kupima kwa mkono. Hakupiga kelele. Aliacha jiwe, akajifuta unga, akasema, "Umemtoa kaka yako kwa sababu ya kusifiwa." Sijawahi kuambiwa neno zito kuliko hilo, na lilikuwa la haki. Mchana akamwita Athumani amuulize kama kuna njia ya kwenda bomani kuomba. Athumani akatikisa kichwa. "Mtaulizwa nani anapinga karatasi ya serikali, na mtachapwa. Kisha watakwenda kuchimba vilevile." Halafu akanigeukia mimi. "Tundu lile nilijua ni la nini, dada. Hata sisi tunazika. Ndiyo maana sikuvinunua." Nilitamani ardhi inimeze. Miezi mingapi nilimcheka mtu yule kwa vyungu vyangu vya samadi, na kumbe yeye alikuwa na siri ya maana kuliko ya kwangu, na aliitunza.

Perpetua ndiye aliyepata shauri. Aliniuliza swali moja tu: "Kwa siku kumi unaweza kufinyanga vingapi?" Nikaelewa. Alikwenda nyumba kwa nyumba, na wanawake walilia kwanza, wakabishana, wakakubali. Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa kuwaona wanawake na majembe bondeni. Tulivitoa vyungu vya wafu wetu mahali pake. Tukalima bonde lote, tukasawazisha vilima vya makaburi, tukamwaga ulezi. Kisha kila nyumba ikaleta vyungu vyake, vya kupikia, vya maji, vya pombe, tukavitoboa vyote vitako na kuvifudikiza kila mahali, pamoja na vile vya makaburini na vile nilivyovichoma mimi usiku na mchana mpaka mikono ikapasuka. Kila mwanamke alihesabu hatua zake ili asipoteze wa kwake. Perpetua alihesabu arobaini na moja kutoka kwenye mninga mkubwa. Majuma yale tulikula kwenye majani ya migomba na kuchota maji kwa vibuyu, kwa maana hapakubaki chungu kizima hata kimoja.

Bwana Kijiko akaja na masanduku yake. Akasimama ukingoni mwa shamba akatazama vyungu mpaka mwisho wa bonde. Akaagiza wachimbe cha kwanza: udongo. Cha pili: udongo. Sisi tulikuwa tunapalilia, migongo imeinama, na mimi nilitazama kila jembe liliposhuka, kwa sababu kaka yangu alikuwa mahali fulani chini ya miguu yao na kwa bahati mbaya tu wangeweza kumpata. Siku ya tatu akaniita. "Skola, umenidanganya." Nikamwambia, "Bwana, niliyosema ni kweli. Vyungu ni vya marehemu. Marehemu wetu ni wengi." Akakiinua kimoja kilichokuwa karibu na buti lake, akakisugua mdomo kwa kidole gumba, na udongo mpya mwekundu ukatokeza. Chini ya mdomo palikuwa na alama za kucha tatu. Wallahi sikukusudia, mkono ulikuwa umezoea. Alizitazama zile alama, akatazama mikono yangu, na safari hii sikukunja vidole. Nilimwona anafika mahali palepale nilipokuwa nimemwacha: kabila lake lililopotea lilikuwa limesimama mbele yake na jembe. Angeweza kunipeleka bomani siku ileile. Lakini angeandika nini? Akakirudisha chungu chini, akakifudikiza vizuri kama alivyokikuta, akawaambia wapagazi wafunge masanduku. Kabla ulezi haujatoa masuke alikuwa ameshahama wilaya yetu.

Kwa hiyo kijana wa serikali nilimwambia kwamba sheria yake ni nzuri, afadhali iwepo, ila nimeisikiliza yote na sijasikia mahali ambapo mwenye marehemu anaulizwa kwanza. Yule mnunuzi nilimwambia kwamba biashara yake naijua, niliwahi kuifanya, na kwamba asinunue chungu chochote chenye kucha tatu. Wote wawili waliniomba niwaonyeshe bonde. Niliwaambia ni shamba la ulezi, lina wenyewe, na wenyewe hawapendi kusumbuliwa.

Wanangu, yaani wana wa Perpetua, nimeamua kuwaandikia yaliyobaki, kwa sababu mama yenu hakuwaambia na mimi nilikuwa naona aibu. Ulezi ulipokomaa tulishuka bondeni na vikapu na visu, wanawake wote, na tulichokiendea hasa hakikuwa mavuno. Mninga haukuwepo. Boma lilikuwa limeukata kwa ajili ya boriti za paa, na kisiki kimeng'olewa na wachoma mkaa. Mvua zilikuwa zimesogeza udongo, na shamba zima lilikuwa sura moja. Kila mahali mabua yalikuwa yanatikisika, wanawake wanahesabu, wanarudi, wanahesabu tena. Mama yenu alianza hatua zake mara tatu kutoka mahali patatu. Mimi nilikaa chini nikalia kwa sauti, nikamwambia anipige, kwa sababu mdomo wangu ndio uliotufikisha pale. Hakunipiga. Alisimama katikati ya ulezi akaacha kuhesabu. "Skola," akasema, "yumo humu. Hakuna aliyemchukua." Kisha akaita, kwa jina la ukoo kama wake wa kwetu walivyowaita waume zao, "Ngonyani." Bonde lile lilikuwa na kina Ngonyani tele. Akageuka upande wa pili akaita tena. Nikainuka, nikageukia upande ambao yeye alikuwa hajaugeukia, nikamwita kaka yangu.